Miaka Aliyoiacha Zuhurah Njiani

Asubuhi moja ya Oktoba 1982, Zuhurah alikuwa akikaanga sambusa nje ya nyumba yao Kakoba, mjini Mbarara. Mama mkwe wake, Mastulah, alikuwa ameketi nyuma yake amevaa viatu. Alilala navyo pia. Alikimbia Rwanda mwaka 1959 akiwa pekupeku, na tangu hapo gari la askari likipita alinyamaza mpaka vumbi litulie.

Zuhurah alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Mbarara. Askari wa kambi ya jeshi ya hapo walikula sambusa zake na kumwita dada.

"Mama, hawa ni majirani," alisema. "Woga huo ni uzee tu."

"Si uzee," Mastulah alijibu. "Ni kuona."

Saa tatu alikuja Naboth, koplo aliyependa pilipili nyingi. Siku hiyo hakutaka sambusa. Alifuatana na watu watano wenye mapanga.

"Banyarwanda yote iende Nakivale," alisema. "Saa sita nisikute mutu hapa."

"Naboth, ni mimi."

"Najua ni wewe. Toka."

Siraje, mume wa Zuhurah, alikuwa Kampala kununua vitambaa. Walimwachia ujumbe kwa jirani, wakaondoka kwa miguu.

Kwenye kizuizi cha kwanza cha barabarani walikalishwa matopeni, wakaamriwa kuimba. Zuhurah alipoinuka, nywele zake zilikuwa na mvi na magoti yalimuuma. Kwenye cha pili, mtu mmoja alimwekea panga shingoni huku akila ndizi. Alipomaliza ndizi aliliondoa. Meno manne ya Zuhurah yalidondoka, ingawa hakupigwa. Alitembea akitetemeka, amemshika Mastulah mkono kama mtoto. Kufika kizuizi cha tatu, mgongo wake ulikuwa umepinda.

Mastulah hakubadilika. Miaka yake ilichukuliwa zamani.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, karani aliyeitwa Kezironi aliwatazama wote wawili.

"Nyinyi ni mapacha?"

"Huyu ni mke wa mwanangu," Mastulah alisema. "Ana miaka ishirini na mitatu."

"Wote wanasema hivyo," Kezironi alisema, bila ubishi. Aliandika sitini na moja, akawapa turubai na blanketi moja.

Zuhurah alijifunza upesi. Hakukaa akiupa mlango mgongo. Mbwa akibweka, alizima moto. Hakumwambia mtu tena kwamba woga ni uzee, na Mastulah hakumkumbusha.

Wiki mbili baadaye Siraje alifika. Kutoka Kampala alikuwa amepita vizuizi sita. Alikuja akiegemea fimbo, ndevu nyeupe, jicho moja lina mtoto wa jicho. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Zuhurah alimtambua kwa namna alivyosafisha koo kabla ya kubisha hodi.

Mastulah alimtazama mwanawe. Kisha aliinuka, akampisha mkekani, akakaa chini kwenye udongo.

"Shikamoo, mwanangu," alisema.

Siraje aliketi mkekani.

"Marahaba, mama."

Nje lori lilisimama, likaanza kushusha wazee wengine. Watatu hao hawakusema tena neno mpaka injini ilipozimwa.