Mafuta Yasiyochemka

Malimi alipoketi kwenye benchi la Georgina, anayekaanga maandazi stendi ya Bariadi, mafuta yaliacha kuchemka. Moto ulikuwa uleule. Georgina alimwambia ahamie benchi la mwisho, kama alivyomwambia kila asubuhi tangu Malimi aanze kupata watoto, na maandazi yakaendelea kuiva.

Nyumbani kwake pia mafuta yalipoa, ila huko lawama zilimwangukia mkewe, Anjela. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa usingizini wakiwa wachanga. Mama yake Malimi alisema maziwa ya yule mwanamke ni mabaya, na kikaango kinamshuhudia.

Huyu wa tatu, Gloria, alipolegea na kukataa kunyonya, Anjela alimkimbiza hospitali. Daktari Lusajo alimtoboa kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi maalumu, akaituma Dar es Salaam. Majibu yaliporudi aliwaita wazazi wote. Aliwaeleza kwamba mwili wa mtoto hauwezi kuyageuza mafuta kuwa nguvu, kwa hiyo asiachwe na njaa, hata usiku aamshwe anyonye. Maziwa ya mama hayana kosa.

Malimi aliuliza ugonjwa umetoka upande gani.

"Pande zote mbili. Nusu kwako, nusu kwa mama. Nusu moja peke yake haiwezi kumfanya mtoto augue."

Anjela alimgeukia mumewe. "Umesikia, baba Gloria. Utawaambia ndugu zako?"

Malimi alisema atawaambia.

Jumapili ukoo ulikutana kwake. Anjela na mtoto walikuwa wameshapelekwa Lalago, kwa wazazi wa Anjela, kusubiri uamuzi wa ukoo. Shangazi alikuwa akiwakaangia wageni samaki, mafuta yakapoa.

"Malimi, baba, beba kiti chako ukae nje. Watu wana njaa."

Alikaa chini ya dirisha. Ndani mafuta yakaanza kuchemka. Alimsikia baba yake mdogo akisema damu ya Lalago ni mbovu, mwanamke abaki huko huko na ng'ombe wa mahari warudishwe. Wengine wakaguna kukubali.

Baba mdogo akachungulia dirishani. "Una neno, Malimi?"

"Sina."

Samaki walipoiva, shangazi alimletea sahani hapo nje. Alimwekea kipande cha katikati, kile cha mwenye nyumba. Malimi akala chote.