Michongoma ya Nyuma ya Gereji

Kisa hiki alinisimulia mkaza mwanangu juzi jioni tukianua nguo, mara akicheka, mara akisonya, maana aliyeyatenda ni kaka yake wa damu, fundi magari.

Kati ya gereji ya fundi huyo na nyumba ya jirani yake palikuwa na michongoma iliyoshonana hata kuku hapenyi. Jirani mwenyewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, halali ila mchana. Miti ile ndiyo iliyomkinga na vumbi, jua na kelele za nyundo.

Basi fundi akaona mchwa wanapanda mashina. Nguzo za banda lake huzipaka oili chafu, na mchwa hawazigusi. Akajisemea, mti ni mti tu. Akamwaga oili shinani, ndoo baada ya ndoo, huku akijisifu.

Michongoma ikanyauka, ikabaki miiba mitupu. Sasa muuguzi akitoka kazini, macho mekundu, badala ya kulala huteka maji akaimwagilia.

"Fundi, jua la mwaka huu halina huruma!"

"Ee, dada, jua," fundi akajibu, akiisukuma ndoo ya oili nyuma ya gari kwa mguu. "Pole sana."

 Tangu hapo akawa anagonga bati kama mtu anayebisha hodi ukweni.

"Unalitengeneza gari au unalibembeleza?" wateja wakamcheka.

Asubuhi moja akamwona muuguzi amesinzia wima, ndoo imeinama, maji yanamlowesha miguu. Fundi akashindwa kuvumilia.

"Dada, acha. Si jua. Ni mimi. Niliimwagia oili, nikijua ni dawa ya mchwa, kama kwenye nguzo."

Muuguzi akamkodolea macho. "Uliona wapi nguzo ikitoa majani, kaka yangu?"

Fundi akaitwaa ile ndoo mikononi mwake.

"Na pole zako zote zile nikazipokea!"

"Nisamehe, dada."

"Michongoma haioti kwa nisamehe. Chimba."

Akachimba, akazoa udongo mweusi wote, akapanda miche mipya. Pale katikati akatundika turubai la kumkinga jirani mpaka miche ikue, na kila siku nyundo akaiweka chini mpaka alasiri. Mteja akija na honi, fundi humkimbilia barabarani akipunga mikono yote miwili.

Siku hiyo ya kwanza alikaa chini ya turubai, hathubutu hata kukohoa, masikio yote dirishani kwa jirani. Kitanda kikalia mara moja, kikatulia. Muuguzi akapitiwa na usingizi.