Kijua cha Mkononi

Mimi ni fundi wa paa, lakini mdomo wangu hauna paa. Nimeshaanguka kutoka juu mara mbili. Mguu ukavunjika, mdomo ukabaki mzima. Ndiyo maana nyumba ya mama mkwe ilipoanza kuvuja, alimuuliza mke wangu, "Kwani hakuna fundi mwingine?" Nikaapa nitamwonyesha.

Siku ya kazi nikafika na saa mpya, zile zinazoshirikiana na simu. Chini ya tarakimu palikuwa na kijua cha manjano na nyuzi joto thelathini na moja.

"Shemeji," akasema mdogo wa mke wangu, mtu mzima mwenye watoto watatu, aliyekuja kunishikia ngazi, "thelathini na moja na baridi hii? Na kule nyuma kumefunga wingu. Tutoe mabati machache machache."

"Utabiri umesomea wapi, jikoni?" Nikamwinulia mkono. "Hii inaongea na setilaiti. Wewe unaongea na nani?"

Mama mkwe akacheka, mkono mdomoni. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Nikang'oa mabati yote ya chumba chake, kumi na manne, kwa mkupuo mmoja.

Saa tano mvua ikashuka kama inayolipiza kisasi. Nikajikuta chumbani kwa mama mkwe bila hodi, godoro lake kichwani, gauni lake la kulalia limening'inia shingoni mwangu, naye kageukia ukutani asinione. Ardhi ingepasuka ningeingia na godoro.

Sebuleni nikaanza kujitetea. "Mama, saa za siku hizi ni feki tupu. Tazama, mpaka sasa inasema jua!" Na kweli kijua kiling'aa, matone yakikichuruzikia.

Mke wangu akaingia na mwavuli. "Baba watoto, simu ilikuzimikia tangu jana mchana, ukaichomeka chaji ukaisahau. Nimekuwashia." Akaitoa mkobani.

Saa ikatetemeka. Mbele ya macho yao wote kijua kikafutika, likaja wingu lenye matone matatu na asilimia tisini na tano.

"Si nilikwambia?" akasema mke wangu. "Bila simu haipati habari mpya, inabaki na za mwisho. Na pale chini huwa imeandika ni za lini."

Pale chini. Vile viherufi vidogo kama mayai ya chawa nilikuwa nimeviona tangu asubuhi. Miwani ilikuwa mfukoni. Sikutaka mama mkwe anione nimezeeka.

Shemeji hakucheka. Angenicheka ningepona.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akikamua shuka lake polepole. "Baba," akaniita kwa upole, "sasa hivi ni saa ngapi?"

Tarakimu zilikuwa kubwa, wazi kabisa. Nikaogopa kuzisoma.

"Sijui, mama."

Akatikisa kichwa, akakamua tena. "Basi kesho mwanangu ndiye atakayepanda. Wewe utashika ngazi."

Nikaivua saa, nikaitia mfukoni.

Siku mbili nilishika ngazi, miwani usoni, nikipokezana naye mabati. Kila shemeji alipotulia kidogo huko juu kutazama mawingu, nami nilisubiri kimya, mikono yote miwili kwenye vipandio, mkono wa kushoto hauna saa.