Bustani Juu ya Chumba cha Mama

Chumba cha mama kilikuwa tanuri. Paa la zege lilimeza jua kutwa nzima, kisha likamtemea joto hadi alfajiri, na daktari alishasema wazi kwamba presha yake haitavumilia kiangazi kingine humo ndani. Kuhama hataki. Basi wanawe wawili wakakubaliana kumpandia nyasi juu ya paa, zimkinge na jua.

Kukubaliana ni neno kubwa. Hawakuwa wakisemeshana. Tangu mazishi ya baba yao, mwaka wa nne huo, Fundi na mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Majani kwa ajili ya kazi yake ya bustani, hawakupeana hata salamu. Kila neno lilipitia kwa mama. "Mwambie mwanao udongo usizidi shibiri moja." "Mwambie kaka yangu nimesikia." Na wote wamesimama jikoni, hatua tatu baina yao. Watu wazima na ndevu zao!

Kazi lakini Fundi aliifanya kwa moyo. Alitandika karatasi za lami, akazichoma moto viungo vikashikana, halafu akafanya jaribio ambalo hakuwahi kulikwepa maishani mwake. Aliziba matundu mawili ya kutolea maji kwa matambara yaliyofungwa nailoni, akajaza maji paa zima hadi vifundo vya miguu, akayaacha siku mbili. Dari ya mama haikudondosha hata tone. Alifurahi kama mtoto.

Siku ya tatu akazibua tundu la nyuma, maji yakaenda zake. Akashuka kunywa chai. Aliporudi akakuta Majani ameshapandisha magunia ya udongo na kuyarundika juu ya tundu la mbele, lile la upande wa chumba cha mama, nalo bado limezibwa.

Fundi akashuka tena. "Mama, mwambie mwanao asogeze magunia yake, nizibue lile tundu."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajipepea kwa gazeti. "Leo simwambii mtu. Nimechoka kuwa simu yenu. Panda ukamwambie mwenyewe. Ni mdogo wako, hana pembe."

Akapanda. Majani alikuwa ameinama, anamwaga udongo huku akipiga mluzi. Fundi alisimama nyuma yake, neno limemfika kooni. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira: kwa nini aanze yeye, mkubwa mzima? Tundu moja linatosha, akajiambia. Akakusanya vifaa vyake, akateremka. Mama alidhani wameongea, na uso ukamchanua.

Nyasi zilishika vizuri. Kwa wiki mbili mama alilala usingizi wa kweli, akawa anawaambia majirani kwamba wanawe wamempoza chumba na moyo pia.

Kisha mvua ikaja, siku tatu mfululizo. Udongo mpya ukasombwa hadi tundu la nyuma, ukaliziba, na maji yakakosa pa kutokea. Siku ya tatu mchana, mama akiwa amejilaza baada ya kula, zege lile la zamani likashindwa kubeba mzigo, likamwangukia.

Walifukua kwa mikono, Fundi na Majani, bega kwa bega na majirani, mvua ikiwanyeshea. Walipomfikia alikuwa ameshakufa.

Jioni, nje ya chumba cha maiti, Majani alimsogelea mkubwa wake. Tope lilikuwa limemkaukia usoni.

"Kaka."

Fundi akainua kichwa.

"Nimeona tambara kwenye lile tundu la mbele. Na mimi ndiye niliyemwaga udongo juu yake. Kwa nini sikuambiwa?"

Fundi aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa paa lilipoanguka. Ukweli ulikuwa sentensi fupi tu, na safari hii pia haikutoka.

"Nilimwambia mama akwambie," alisema. "Nadhani alisahau."

Majani akaangua kilio. "Masikini mama. Umri ule, na mambo mengi vile. Tusimlaumu, kaka."

Akamkumbatia kwa nguvu, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Fundi naye akamshika, akampigapiga mgongoni taratibu.

"Tusimlaumu," akasema.