Mama Kwenye Kona ya Skrini

Mume wangu ni fundi uashi, na akiingia dukani huchagua kitu kama anavyochagua tofali: anakikodolea macho, kisha anakigonga. Siku tuliyokwenda kununua kompyuta ya mezani alizigonga zote, moja baada ya nyingine, mpaka mwenye duka akaja kutuuliza kama tunatafuta kompyuta au tikiti maji.

"Tunatafuta isiyoganda," nikamjibu mimi.

Alikuwa mama wa makamo, kachomeka bisibisi kwenye nywele kama watu wengine wanavyochomeka kitana. Palepale moyoni nikambatiza Mama Bisibisi. Akasema, "Mama, hakuna inayoganda ikiwa imezimwa. Wewe unafungua mambo gani kwa mpigo?"

Nikamweleza. Napokea oda za kampuni inayosambaza dawa kwenye zahanati, na kazi naifanyia sebuleni kwangu. Kuna jedwali la stoo, kuna ujumbe wa wateja, kuna ankara, kuna orodha ya magari yaliyotoka. Vyote lazima viwe wazi. Na kwenye kona ya juu ya skrini yuko mama yangu, kwa video, tangu asubuhi mpaka jioni.

Mama anaishi peke yake upande wa pili wa mji. Tumembembeleza ahamie kwetu mpaka ndimi zimeota sugu. Anasema nyumba ya mkwe ni ya kutembelea, si ya kuhamia, na miguu yake bado anaidai kazi. Basi tukapatana: simu yake isimame juu ya kabati imtazame, nami niwe namwona huku nafanya kazi.

"Mwezi uliopita kompyuta yangu ikaganda na mimi sijui," nikamwambia Mama Bisibisi. "Jedwali linaandika vizuri, ni picha ya mama tu iliyosimama. Ameinamisha kichwa, anashona kifungo. Kila nikimtupia jicho nasema, mama leo katulia. Kumbe mama yuko sakafuni! Alipanda kiti kutundika pazia, akaanguka, nami kwa simu za kazi sikusikia kishindo. Dakika arobaini, dada yangu, mpaka jirani alipoingia akamkuta."

Hakuvunjika mfupa, Mungu mkubwa. Lakini tangu siku hiyo nikifumba macho nakiona kile kifungo.

Mama Bisibisi hakusema pole kwa mdomo tu. Aliacha kazi zake akaanza kututembeza. Mume wangu alikuwa keshanasa kwenye mashine moja yenye taa za rangi kila upande, inameremeta utadhani harusi.

"Hii je? Hii inaonekana ina nguvu."

"Hizo taa utazilipia wewe, na hazifungui hata dirisha moja," akasema Mama Bisibisi. Akatuvutia boksi jeusi, limechunika pembeni. "Hii ilikuwa ya ofisi. Imetumika, lakini nimeiongezea ramu. Diski ni kabati, ramu ni meza. Mkeo anatandaza mambo mengi kwa pamoja, anataka meza pana. Kabati msihangaike nalo."

"Lakini ni kuukuu," mume wangu akanung'unika.

"Kwani wewe mpya?" nikamuuliza. "Mbona sijakurudisha?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Ndiyo maana nampenda, huyu mtu hana kinyongo. Hata hivyo pesa zetu zilikuwa za kompyuta moja tu, na duka lile bidhaa ikitoka hairudi. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Nikavuta kiti, nikafungua kila kitu ninachofungua kazini, halafu nikampigia mama.

Mume wangu akajiweka sawa kola. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umekonda?" Mume wangu, ambaye mkanda wake uko tundu la mwisho! "Mko wapi hapo? Dukani? Muuzaji yuko wapi, hebu nimwone."

Mama ameuza vitambaa sokoni miaka thelathini. Ndani ya dakika tano, akiwa kwenye kiti chake, alikuwa ameshusha bei mara mbili na kudai kibodi na kipanya viwe nyongeza. Mama Bisibisi akashika kiuno, anacheka huku anaguna. Nami macho yangu yako kwenye kona. Nikafungua ankara ishirini. Nikafungua ramani. Mama anapunga mikono tu, wala hakwami.

"Mama, inua mkono wa kushoto."

"Mimi niko darasa la kwanza?" Lakini akauinua, na mkono ukaja palepale.

Furaha ikanijaa. "Basi mama, mambo yamekwisha! Ukiteleza tu nakuona. Siku ile ningekuwa na mashine hii, usingelala chini vile."

Mama akaivuta nguo yake magotini.

"Siku ile si mashine, mwanangu," akasema. "Picha yangu iliganda kwako, lakini sauti yako nilikuwa naisikia. Ulikuwa unaongea na bosi wako, unamwomba radhi kwa mzigo uliochelewa. Nikasema nikipiga ukelele hapa, bosi atasikia, mtoto atafukuzwa. Nikangoja umalize. Ulipomaliza akaja mteja. Halafu mwingine."

"Dakika arobaini, mama!"

"Sakafu ilikuwa safi. Nilikuwa nimeipiga deki."

Jamani. Nililia, na katika kulia huko nikamfokea mama yangu mzazi mbele ya duka zima. "Kazi nitapata nyingine! Mama mwingine nitamtoa wapi?" Mume wangu akaniwekea mkono begani, ule mkono mzito wenye saruji kwenye kucha. Mama Bisibisi akageukia rafu, akawa anapanga waya zilizokwisha pangwa.

Nikafuta pua. "Sasa niite," nikamwambia mama. "Niite kama umeanguka."

"Mbele za watu?"

"Niite, au mashine hii siinunui."

Akakohoa. "Mwanangu," akasema, taratibu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Hiyo hata paka hageuki, mama. Tena!"

Kisha akavuta pumzi, akaniita kwa jina langu la utotoni, lile alilokuwa akiniitia nikiwa nimecheza mbali na giza linaingia. Spika zikatetemeka. Waliokuwa mlangoni wakageuka, mume wangu nusura aangushe kibodi.

"Abee, mama!" nikaruka kwenye kiti kabla sijajua nimeruka.

Mama akaniona nimesimama, machozi mashavuni, mkoba umeanguka chini.

"Kumbe ungekuja," akasema.

"Ningekuja, mama. Ningemwacha bosi na maneno yake mdomoni."

Akachukua upindo wa nguo yake, akajifuta macho bila kujificha. Mume wangu alikuwa keshaanza kulipa. Mama akaniuliza kama anaweza kuita tena mara moja, nikamwambia aite.