Mazishi ya Goti la Kogo

Likizo ya Agosti 1994 nilirudi kutoka shule ya bweni nikamkuta nyanya yangu, Kogo Rodah, ameshahukumiwa. Anko Kipkirui alikuwa ameshaamua, na kesho yake aliita kikao cha familia akatangaza kwamba goti la mama yake limekwisha, kwa hivyo akae jikoni, na shamba la chai alilolipanda kwa mikono yake lichumwe na Anko.

Nikasimama na kuvua kofia. "Wapendwa waombolezaji, tumekusanyika kumuaga marehemu Goti. Kabla ya mazishi, tuutazame mwili." Nikafunua sahani niliyokuja nayo. Ndani kulikuwa na goti la mbuzi, zawadi ya mchinjaji wa soko la Silibwet.

"Tecla, una wazimu?" Anko akauliza.

"Heshimu marehemu, Anko." Nikalikunja goti, nikalikunjua. "Hii nyeupe inayoteleza ni gegedu. Huzuia mifupa kusagana. Ya Kogo imelika na haitaota tena. Lakini nyama za paja ndizo hushikilia goti. Akikaa tu, zitalegea na maumivu yatazidi. Kinachomwumiza ni kuteremka na kikapu kilichojaa. Kwenye mteremko, goti hubeba uzito huo ukiwa umezidishwa mara kadhaa."

"Sasa abebe nini? Kijiko?"

"Nusu kikapu. Mara mbili."

Kogo mwenyewe akanigeuka. Kwetu, mwanamke akifika kituo cha kupimia majani ya chai na nusu kikapu, foleni nzima humcheka kwamba ni mvivu.

"Tangu niolewe sijabeba nusu," akasema. "Afadhali goti life."

Nikainamisha kichwa. "Basi tuimbe wimbo wa kumzika."

Anko akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomwinua Kogo kitini.

"Lete kikapu."

Alichuma hadi nusu, akateremka polepole, fimbo mkononi. Wanawake kwenye foleni wakaziba midomo kuficha kicheko. Karani Eliakim akatundika kikapu kwenye mizani.

"Nyanya, leo chai imekataa kuota, ama ni wewe umechoka?"

"Pima, mtoto wangu. Na hiyo mizani usiitoe. Nusu ingine iko shambani, na anayeileta ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena, ila mimi.

Anko, aliyetufuata kushuhudia aibu, akanyoosha mkono apokee kikapu kitupu. Kogo akakivuta.

"Kikapu ni changu, Kipkirui. Hata goti ni langu."

Akageuka, akaanza kupanda mlima.