Simu ya Miaka Mia Ijayo

"Hizi pembe ni za nini, mwalimu?"

Tulinagwe alikuwa amepiga magoti mbele ya bonge la udongo, mikono imelowa hadi viwikoni. Mwalimu Yotamu wa shule ya misheni alimshikia karatasi aliyoichora kwa makaa: kidude chenye pembe sita na gurudumu.

"Za kushangaza watu," mwalimu alisema. "Ni simu ya miaka mia ijayo. Mtu wa Ngonga anazungumza na mtu wa Matema, bila waya."

"Bila waya maneno yanapita wapi?"

"Hewani."

Tulinagwe alimkazia macho aone kama anataniwa. Waya wa simu wa serikali ya Wadachi wenyewe hajauelewa hata leo, sasa anaambiwa na huo waya haupo!

"Akiiweka sikioni, pembe hii itamtoboa jicho. Hao watu wa miaka mia watakuwa na vichwa vya namna gani?"

Mwalimu hakuwa amefikiria habari ya vichwa. Alisema tu kwamba zinatakiwa mbili, za kuigizia siku ya shukrani ya mavuno, kisha akaondoka akimwachia karatasi na kizunguzungu.

Tulinagwe alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, aliyeolewa huku kwenye mpunga na Aliko. Aliko alifariki mwaka jana. Sasa baba mkwe, mzee Angetile, alitaka arithiwe na shemeji yake Hezroni, mdogo wa Aliko, na Jumatatu baada ya shukrani wazee wangekaa kulimaliza jambo hilo. Tulinagwe hakutaka. Alitaka kurudi kwao Lyulilo. Lakini kwa desturi ya huku mwanamke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimsikia anakuja njiani, hujitosa migombani. Kila neno lake lilipitia kwa Hezroni, na Hezroni alilifikisha apendavyo. Ni kumtuma fisi apeleke nyama.

Alifinyanga siku tatu akibishana na karatasi. Gurudumu alilitupa. Pembe alizitupa. Alijipima kwa vidole kutoka sikioni hadi mdomoni, akatengeneza kitu kama kata ya maji, kidomo kimoja chembamba cha kusikilizia, kingine kipana cha kusemea. Bado kilionekana cha uongo. Alikizungusha, akakinunia, mpaka akang'amua: hakuna aliyekitumia. Basi alipokwisha kufinyanga cha pili na kuvichoma vyote viwili, alivisugua kwa mafuta ya nyonyo pale tu mkono unaposhika, hata pakang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

"Mbona umezichakaza?" mwalimu alilalamika.

"Si wanazungumza kila siku? Au hiyo miaka mia watu watakuwa mabubu?"

Siku ya shukrani ua wa misheni ulijaa. Mwalimu alisimama huku, mkewe Felista kule, wakaulizana habari za Matema kwa zile simu, na hakuna aliyecheka. Mtu mmoja hata aliwaambia wenzake wanyamaze, asije akashindwa kusikika yule wa mbali. Tulinagwe aliona yote kwa upenyo wa uzio wa mianzi, alikojificha kwa sababu mkwewe alikuwapo. Igizo lilipokwisha, Felista alimletea simu yake aikague kama ina ufa.

Ile nyingine aliichukua mzee Angetile. Aliishika barabara, mahali pale palipong'aa.

"Hii inafika wapi, mwalimu?"

"Popote, mzee. Yaani, kwa wakati huo ujao..."

"Hata aliko mwanangu?"

Mzee alijitenga na watu, akaja kusimama karibu na uzio, simu sikioni.

"Aliko, mwanangu. Ugonile? Umelala salama? Mimi baba yako. Mke wako nimpe Hezroni?"

Tulinagwe alisikia kila neno. Sauti ilipita kwenye mianzi, si kwenye udongo. Yeye ndiye aliyeufinyanga na alijua ni udongo mtupu. Mzee alijua? Alikuwa anamuuliza marehemu, au alijua nani yuko nyuma ya uzio? Na kujibu kwa simu ni kusema na mkwe, au si kusema? Waliotunga mwiko hawakuijua simu. Angeweza kuikaza sauti iwe ya kiume, akasema jambo likaisha. Lakini kumwigiza Aliko mbele ya babaye aliona ni kumdhihaki marehemu.

Aliinua simu, akaweka mdomo kwenye kidomo kipana.

"Hapana, baba," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Aliona mgongo wa mzee ukikakamaa. Kisha mzee akauvuta mgolole wake taratibu, akajifunika kichwa na uso wote, kama inavyompasa mzee aliyekutana na mke wa mwanawe njiani.

Simu hakuiweka chini. Aliiingiza ndani ya mgolole.

"Sema polepole," alisema. "Nasikia."